Taka, Maji na Mifugo: Tuliyoyaona Nainokanoka na Yanayotuhusu Visiwani

 

Tumepokea suali kutoka kwa ndugu yetu wa Unguja. Muhtasari wake ni kwamba jirani yake ana ng'ombe wawili wanaoshinda jaani, wakila maganda, mabaki ya vyakula na mifuko, na sasa anataka kuwauza kwa watu wanaotafuta wanyama wa kuchinja Iddi. Je, nyama yao ni halali? Na je, wanatosheleza kwa udhiya?

Jawabu tutalitoa mwishoni, inshaAllah. Tumeona lisitolewe peke yake, kwa sababu ng'ombe huyo ni mwisho wa habari ndefu. Mfuko alioumeza ulitoka jikoni kwa mtu, ukapita mkononi mwa mtoto aliyetumwa kutupa, ukakaa jaani pasipo uzio. Mimi mwenyewe jambo hili nilikuwa nikilisomesha miaka mingi katika mlango wa tahara na mlango wa haki za jirani, lakini nililielewa vizuri mbali na bahari, nilipofika Nainokanoka katika safari ya kuwazuru ndugu zetu wa Karatu. Basi msomaji anivumilie nianzie huko.

Kijiji kilicho juu ya maji

Nainokanoka ni kijiji, na pia ni jina la kata, katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Ukitoka mji wa Karatu unapanda hadi lango la Lodoare, unaingia eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, unafuata ukingo wa kreta kwa upande wa mashariki, kisha unaelekea kaskazini. Ni nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuna ukungu na baridi, na mtu wa Mji Mkongwe akifika huko mwezi wa Julai atauliza koti kabla hajauliza chai. Wakaazi wake wengi ni Wamasai, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Eneo lote hilo lilitengwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa pekee, wa watu na mifugo kuishi pamoja na wanyamapori, na mwaka 1979 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Karibu na kijiji ipo kreta ndogo iitwayo Olmoti. Humo ndimo unamotoka mto Munge. Unaporomoka kutoka ukingoni mwa Olmoti, unateremka, na unaishia ndani ya kreta kubwa ya Ngorongoro, katika ziwa la magadi lililo chini kabisa. Kreta hiyo kubwa ina upana wa kiasi cha kilomita 19 na kina cha mita 600 hivi. Ziwa lake halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayageuza mvuke, na kila kilichokuja na maji kinabaki. Ndiyo sababu likawa ziwa la magadi: chumvi iliyoletwa na maji kwa maelfu ya miaka haikuwa na pa kwenda.

Niliposimama pale nikaelezwa njia ya mto ule, nilijiona niko nyumbani. Kisiwa nacho hakina pa kwenda. Maji ya visima vyetu na ya mabomba yetu Unguja yanatokana na mvua inayonyesha hapa hapa na kuzama ardhini, ikipita katika mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, ambayo hayachuji kama mchanga unavyochuja. Kinachovuja kutoka jaani kinazama njia hiyo hiyo. Tunasema "nimetupa", lakini katika nchi iliyozungukwa na maji neno hilo lina maana moja tu, nayo ni kuhamisha kutoka kwangu kwenda kwa mwengine. Na mtu wa Nainokanoka akitupa kopo la dawa ya kuogeshea mifugo kwenye mtelemko, mvua ya kwanza italionesha njia ya kwenda kwa walio chini, watu na wanyama.

Wanafunzi wa madrasa wanaujua mfano aliotupigia Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji karibu. Huwa tunausomesha katika kuamrishana mema. Lakini ni mfano wa maji pia, na wa watu ambao kosa la mmoja wao haliwezi kubaki kuwa lake.

Kilichobadilika ni kinachotupwa

Katika eneo la hifadhi kilimo kimepigwa marufuku. Kwa hivyo unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na betri za tochi vyote vinapanda kwa gari kutoka Karatu, na kila kimoja kinakuja na ganda lake. Sisi tunapokea kwa bandari, wao kwa barabara ya vumbi; hali ni moja. Gari linapanda limejaa na linashuka jepesi, na ganda linabaki juu.

Mzee mmoja wa huko aliniambia maneno ambayo sikuyasahau, kwamba zamani hawakuwa na neno la taka kama linavyotumika leo. Maziwa yalikaa katika kibuyu, na kibuyu kikivunjika kinarudi udongoni. Nikawakumbuka bibi zetu. Samaki alibebwa katika pakacha, mchuzi ukafunikwa kwa kawa, na kilichotupwa uani kikaliwa na kuku au kikaoza chini ya mgomba. Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema watu wa siku hizi ni wachafu kuliko wazee wao. Mkono unatupa vile vile ulivyokuwa ukitupa, ila kilichomo mkononi sasa hakiozi.

Kisheria Zanzibar tulitangulia. Mifuko ya plastiki ilikatazwa kwetu tangu mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Anayesafiri baina ya visiwa na bara ajue kwamba katazo lipo pande zote mbili na faini ipo. Hata hivyo katazo la mfuko wa kubebea halikugusa chupa za maji, vifungashio vya biskuti, pakiti za sabuni wala nepi za watoto, na vitu hivyo ndivyo vilivyojaa katika mitaro yetu leo.

Madhara yanavyofika mwilini

Tuanze na nzi, kwa kuwa watu humdharau. Katika jamii za wafugaji wa Ngorongoro ugonjwa wa vikope umesumbua kwa muda mrefu. Ni ugonjwa wa macho unaoambukiza. Kope huvimba mara kwa mara, mwisho hupinda ndani, na nywele zake zikakwaruza mboni mpaka mtu apofuke. Vijidudu vyake husafirishwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi wanaotua katika nyuso za watoto zenye tongo. Nzi huyo hupenda zaidi kuzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Kwa hivyo katika kinga wanazoelekeza waganga, pamoja na dawa na upasuaji, yamo mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: kuosha uso na kuweka mazingira safi kwa kutumia choo. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku ameshalishika la kwanza. Asilipoteze la pili kwa nepi aliyoitupa nyuma ya ukuta wa jirani.

(Nguvu ya nzi ilishaonekana huko huko. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wang'atao walizidi ndani ya kreta ya Ngorongoro hata simba wakadhoofika na kufa, wakabaki wachache mno. Hao hawakuletwa na taka za watu, lakini anayedhani nzi ni kero tu na aitafakari habari hiyo.)

La pili ni mizoga. Ngorongoro ni miongoni mwa sehemu ambako kimeta hujitokeza mara kwa mara kwa mifugo na wanyamapori. Mnyama hufa ghafla, pengine damu ikamtoka puani, na mbegu za ugonjwa zikishaingia ardhini huweza kukaa miongo mingi zikiwa hai. Anayempasua mzoga huo kwa kisu, akamchuna au akala nyama yake, anajiweka katika hatari ya kufa. Sisi tumeharamishiwa mzoga tangu mwanzo, lakini hukumu haiishii kwenye kutokula. Mzoga usipasuliwe, usikokotwe, usitupwe mtoni wala jaani. Aitwe mtaalamu wa mifugo, kisha uchomwe au ufukiwe chini sana. Visiwani kwetu kuku na mbuzi waliokufa hutupwa ufukweni usiku, ati bahari itachukua. Bahari inarudisha, mwenye kutembea pwani alfajiri anajua.

Kisha moto. Nyanda za juu kuna baridi, na kwetu kuna haraka ya kuwasha mkaa. Pande zote mbili nimeona kipande cha plastiki kikitumika kuwashia. Na wengi wetu tunachoma taka uani tukidhani tumesafisha. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo hutoa moshi wenye chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, pamoja na kemikali ziitwazo dioksini. Hizo haziishi upesi. Hutua majanini, ng'ombe hula, zikajikusanya katika mafuta ya mwili, katika maziwa na mayai, na hatimaye katika mwili wa mtu. Dunia ilikubaliana huko Stockholm mwaka 2001 kuzipunguza kemikali za aina hiyo, na uchomaji wa taka mahali pa wazi ni katika vyanzo vilivyotajwa. Mama mwenye mtoto mwenye pumu ana haki ya kumwambia jirani azime moto wake, na jirani ana wajibu wa kuzima. Kaida ya mafakihi kwamba madhara huondolewa haihitaji mahakama ili ifanye kazi.

Kwa visiwani mlango mkubwa wa madhara ni mtaro ulioziba. Mvua za masika hukuta mtaro umejaa chupa, maji hupanda, huingia vyooni, hutoka na kilichomo, na hufika kisimani. Kipindupindu tunakijua. Mlipuko ulioanza Septemba 2015 na kuendelea mpaka katikati ya mwaka 2016 uliwapata watu zaidi ya 4,000 Unguja na Pemba, na tukazika. Taka si chanzo pekee cha kipindupindu. Vyoo na maji ya kunywa ndiyo asili yake. Lakini anayeziba mtaro amekifungulia njia. Na kopo, tairi bovu au kifuu cha nazi kilichoshika maji ya mvua kinatosha kuzalisha mbu wa homa ya dengi, ambaye huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Na ng'ombe wa suali letu? Mfuko hausagiki tumboni mwake. Hujikunja na mengine mpaka likawa donge, akajiona ameshiba, akaacha kula, akakonda huku tumbo limevimba. Akimeza waya au msumari, unaweza kutoboa tumbo na kuelekea moyoni. Kwa mfugaji wa Nainokanoka, ambaye ng'ombe ndiye akiba yake, ada ya skuli ya mtoto wake na mahari ya kijana wake, hiyo ni hasara ya nyumba nzima kwa mfuko mmoja uliopeperushwa na upepo kutoka dukani.

Yanayowezekana

Benki ya Dunia katika ripoti yake ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa taka za miji na makaazi duniani zilifika tani bilioni 2.01 kwa mwaka 2016, na zitafika bilioni 3.40 ifikapo mwaka 2050. Ripoti hiyo inaonesha pia kwamba katika nchi masikini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya vyakula na majani, yaani vitu vinavyooza. Hapo ndipo penye nafuu yetu. Nyumba ikitenga kinachooza tangu jikoni, mzigo wa kupeleka jaani unapungua kwa nusu, harufu inaondoka, na chupa na makopo yanabaki makavu, yanafaa kuuzwa kwa wanunuzi wa chupa na vyuma chakavu.

Maganda ya ndizi na muhogo, mabaki ya mboga, majani ya uani na majivu kidogo yawekwe shimoni kwa tabaka, yafunikwe udongo, yageuzwe kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi ni mboji ya kutilia migomba na mchicha. Mifupa, samaki na nyama visiingie, huleta panya na paka. Dawa hii ni ya kwetu. Nainokanoka haiwafai sana, kwa kuwa hawalimi, na shimo la mabaki lililo wazi huita fisi na nyani mpaka milangoni. Kwao linahitajika shimo lenye mfuniko na uzio, mbali na njia ya maji ya mvua. Nasema haya kwa sababu tumezoea kupokea mradi mmoja kwa nchi nzima, bango moja na picha moja, kisha tunashangaa haukushika.

Kinachowafaa wao, na mimi naona kitatufaa na sisi wa Pemba na visiwa vidogo, ni kulitumia gari linalorudi tupu. Gari lililopandisha unga linaweza kuteremsha magunia ya chupa hadi Karatu, na jahazi lililoleta bidhaa kutoka Tanga au Dar es Salaam linaweza kurudi na plastiki iliyobanwa. Jambo hilo linahitaji mtu mmoja wa kusimamia na stoo ndogo isiyonyeshewa. Msikiti una vyote viwili mara nyingi.

Zilizobaki ni za Serikali, na tusiwabebeshe akina mama mzigo usio wao. Nyumba inaweza kutenga taka ikakuta gari la kuzoa halipiti wiki tatu, au likija linachanganya yote pamoja. Jaa lisilofunikwa udongo wala kuzungushiwa uzio, hata likiwa mbali na mji, ni hatari. Mwezi wa Agosti 2024 jaa la Kiteezi huko Kampala liliporomoka juu ya makaazi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Wananchi wana haki ya kumuuliza sheha, na sheha kuuliza Manispaa: gari linapita siku gani, taka zinaishia wapi, na nani anapima maji ya visima vilivyo karibu na pale?

Jawabu la suali

Mnyama anayekula najisi kwa wingi mafakihi humwita jallala, na imepokelewa kutoka kwa Ibn Umar (Radhwiya Allahu 'anhuma) katazo la Mtume la kula nyama yake na kunywa maziwa yake. Katika madh-hab ya Imam Shafi'i, iliyozoeleka visiwani kwetu, kinachoangaliwa ni athari: ikiwa harufu au ladha ya nyama imebadilika kwa najisi. Imam Rafi'i ameona hapo ni haramu, na Imam Nawawi amesahihisha kuwa ni karaha. Mahanbali wao wamesema ni haramu mpaka afungwe. Wote wamekubaliana juu ya tiba, nayo ni kumfungia na kumlisha chakula safi mpaka athari iondoke. Kwa kauli yenye nguvu kwetu hakuna idadi maalumu ya siku; wapo waliotaja siku nyingi kwa ng'ombe na tatu kwa kuku, na Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku tatu.

Plastiki yenyewe si najisi, na kuila hakumfanyi mnyama kuwa jallala. Ila jaa letu lina nepi, mizoga na maji ya vyoo, kwa hivyo hukumu inaweza kumfikia.

Ama udhiya, ni mlango mwengine. Mtume ametaja aibu nne ambazo mnyama akiwa nazo hatoshelezi: chongo lililo wazi, ugonjwa ulio wazi, kilema kilicho wazi, na kukonda kupita kiasi. Ng'ombe aliyejaa mifuko huangukia katika la pili au la nne. Anayenunua amtazame mbavu zake, amuone akila na kucheua. Tumbo kubwa lisimdanganye. Akichinjwa na mifuko ikakutwa tumboni, lakini alikuwa na afya kwa nje na nyama haikubadilika, udhiya umesihi na nyama inaliwa.

Jirani naye asiuze mpaka awatoe jaani, awalishe majani na pumba mpaka wasafike, awaoneshe kwa daktari wa mifugo, na amweleze mnunuzi walikokuwa. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na mnunuzi akigundua ana hiari ya kurejesha. Na kama mmoja wao ameshaacha kucheua, asipelekwe sokoni kabisa.

Suali dogo lililoambatanishwa, kuhusu nepi: kilichomo ndani kimwagwe chooni kwanza, nepi ikunjwe, ifungwe, na itupwe penye chombo chenye mfuniko. Kuitupa njiani, kivulini wanapopumzika watu au karibu na kisima ni katika yale yaliyokemewa kwa laana.

Wallahu a'lam.